UZI: Shamba limezungukwa na ukuta wa mradi mpya wa nyumba, njia inapatikanaje? (Unguja na Pemba)

#1 Mpima_Kusini

Assalaamu alaikum. Suali hili linakuja kila mara kwa sura tofauti, bora tulifungulie uzi wake. Tokea miradi ya nyumba ianze kushika maeneo ya Fumba, Nyamanzi, Dimani na Bweleo, mashamba ya nyuma yanabaki ndani kama kokwa ya embe. Mbele ukuta wa mradi, ubavuni mashamba ya warithi, nyuma mikoko. Ule ujia uliokuwa ukipitwa na gari ya ng'ombe sasa uko chini ya msingi wa mtu.

Kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, jua umeshika nini. Kwa Sheria namba 12 ya 1992 ya matumizi ya ardhi, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na imewekwa mikononi mwa Rais kwa manufaa ya wote. Ulichonacho wewe ni haki ya matumizi. Jirani yako naye hivyo hivyo, na mwekezaji mara nyingi anacho kidogo zaidi, yaani ukodishwaji wa miaka maalumu. Maneno ya "hapa pangu, hupiti" na "hapa pa baba yangu, napita" yote mawili hayakupeleki popote mpaka ramani ifunguliwe.

Basi kazi ya kwanza ni ramani tatu, nazo ni ya kwako, ya jirani unayetaka kupita kwake, na ile ya mpango wa mradi iliyopitishwa. Hizi zinatafutwa Kamisheni ya Ardhi. Usiridhike na kipeperushi cha mauzo cha mradi, maana kile kimechorwa kwa ajili ya mnunuzi. Katika ramani iliyopitishwa angalia kama barabara za ndani zimechorwa zikaishia kwenye mpaka (hapo pana matumaini) au zimegeuzwa kabla ya kufika. Angalia pia kama baina ya ukuta na mpaka halisi wa mradi pamebaki ukanda. Mara nyingi unabaki, kwa sababu wajenzi hurudi nyuma kidogo kukwepa mawe au mti mkubwa.

Halafu tafuta ushahidi kwamba ujia ulikuwepo. Zile picha za droni zilizopigwa visiwa vyote viwili kwenye mradi wa ramani ulioanza 2016, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), ni hazina. Ujia wa miguu unaonekana mweupe kabisa baina ya vichaka. Picha ina tarehe, haina udugu na mtu.

Mtego mmoja wa kipimaji: ramani za zamani zimeandikwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960, GPS ya simu inasoma mfumo mwengine, WGS84. Ukichukua namba za ramani ukazitia kwenye simu bila kuzibadilisha, unasimama karibu mita 300 kutoka penyewe. Wapo watu waliogombana na jirani asiyehusika kwa sababu hiyo tu.

#2 Kombeni_Juu

Ahsante mzee Mpima. Ikiwa muuzaji alionesha njia kwa mkono, "mtapita hapa", sheha yupo na mashahidi wapo, lakini kwenye hati ya mauziano njia haikutajwa. Ina nguvu gani hiyo?

#3 UkhtiHati

Ina nguvu ya ushahidi, ndugu yangu, na ushahidi ni kitu kimoja, haki ni chengine. Sheha akisaini anathibitisha kwamba mnajulikana na mliyasema hayo mbele yake. Hana uwezo wa kuikata ardhi ya mtu akakupa. Muuzaji akiwa hai na muungwana, mnapita. Akifa, au akiuza kile kipande cha mbele, yule mpya atakwambia hakuambiwa kitu, na atakuwa anasema kweli.

Neno linaloharibu hati nyingi ni "ruhusa". Ukiandikiwa "ninamruhusu fulani kupita", umepewa fadhila, na fadhila hurudishwa. Linalotakiwa ni haki inayofuata ardhi. Mfano wa ibara yenye meno:

"Mwenye kiwanja A, kwa nafsi yake na kwa kila atakayekishika kiwanja hicho baada yake, anampa mwenye kiwanja B, na kila atakayekishika baada yake, hata kama kiwanja B kitagawanywa, haki ya kupita kwa miguu na kwa chombo cha moto, wakati wowote, juu ya ukanda wa upana wa mita 6 unaooneshwa kwa manjano katika ramani iliyoambatanishwa, pamoja na kupitisha mabomba ya maji na nyaya za umeme na mawasiliano, juu na chini ya ukanda huo."

Kila kipande hapo kina kazi yake. "Chombo cha moto" ni kwa sababu neno "kupita" peke yake hufasiriwa miguu. "Wakati wowote" ni kwa sababu ya geti linalofungwa saa nne usiku. "Hata kama kitagawanywa" ni kwa sababu siku utakayokata viwanja vinane, jirani atasema alikubali njia ya nyumba moja, si ya mtaa. Na mabomba, aah, hapo ndipo wengi wanapoumia. Njia wanayo, lakini ZECO (shirika la umeme) wakija kusimamisha nguzo au ZAWA (mamlaka ya maji) kuchimba mtaro, mwenye ardhi anakataa, na hati yao haina jawabu.

Ongeza mstari wa nani anatengeneza na kwa mgao gani. Ukiwacha kimya, anayepita sana atangojewa na anayepita kidogo.

Hati hiyo iende kwa Mrajis wa Ardhi iandikwe kwenye pande zote mbili, A na B. Ikiandikwa kwa B tu, mnunuzi wa A akifanya upekuzi haioni.

#4 Kombeni_Juu

Na kama kiwanja A hakijasajiliwa? Maana upande wetu mashamba mengi yana karatasi ya mauziano tu.

#5 UkhtiHati

Basi pa kuiandika hapapo, na hiyo ndiyo hali ya wengi. Unabaki na njia mbili. Ama umsaidie jirani kusajili kwanza, hata kwa kumchangia gharama za upimaji (khasara ndogo kuliko kesi), ama ununue ule ukanda wenyewe ukapimwa kama kipande chako. Mimi kwa ardhi za warithi napendelea kununua. Ukanda ukiwa wako huombi, hungojei, hupigwi funguo. Lakini ukinunua, uhaulishaji (kuhamisha haki ya ardhi kwa mwengine) upitie Bodi ya Uhaulishaji Ardhi kwa mujibu wa Sheria ya 1994, usiishie kwa wakili na sheha.

Tahadhari ya eka tatu. Ardhi zilizogawiwa baada ya Mapinduzi zilitolewa kwa kutumia na kulima, hazikutolewa kwa kuuzwa vipande vipande. Mtu akikukatia ukanda wa mita 6 kwenye eka yake bila idhini ya Serikali, amekuuzia asichokuwa na uwezo wa kukiuza, na umelipa. Kwa eka, idhini kwanza, pesa baadaye.

Na warithi ni warithi wote. Mjane mwenye watoto ana thumuni yake, watoto wa kike wana fungu lao. Saini ya kaka mkubwa "kwa niaba ya familia" haimfungi dada aliyeko Muscat. Taka mirathi iliyopitishwa na hesabu yake, kisha saini za wote au wakala wa maandishi. Ardhi ikiwa ni wakfu, usihangaike na msimamizi wa mtaani, nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wakfu hauuzwi kwa bei ya kujuana.

#6 KarafuuKavu_Wete

Nyinyi wa Unguja mnasahau miti. Huku Pemba ardhi inaweza kuwa ya huyu na mkarafuu wa yule, na sheria yenyewe ya 1992 inapoeleza maana ya ardhi inaitoa miti inayomilikiwa mbali. Unamlipa mwenye ardhi, unaleta greda, mara anatokea mtu na msumeno wako anaukamata mkononi: "Mti huo bibi yangu kaupanda."

Pita kwenye mstari wa njia na mwenye ardhi, majirani wa pande mbili na sheha, muhesabu mti mmoja mmoja. Huu mnazi wa nani, unazaa au umechoka, huu mwembe wa nani. Andikeni, wenye miti wasaini hapo hapo. Fidia ya mti iandikwe mbali na bei ya ardhi, kwa sababu wanaopokea ni watu tofauti. Mkarafuu usiukate bila kibali hata kama mwenyewe amekubali na amepokea. Ni bora njia ijikunje mita 2 kuupisha kuliko kuanza safari ya ofisi kwa ofisi.

#7 Mpima_Kusini

Kweli kabisa Wete, na hilo la kuupisha mti ndilo linalofanya nisisitize bikoni (nguzo ya alama ya mpaka) kwenye kila kona ya njia, si mwanzo na mwisho tu. Njia yenye kona mbili na bikoni mbili ni mstari mnyoofu kwa anayesoma ramani, na mstari huo unapita katikati ya jiko la mtu.

#8 Fundi_Shakani

Twende kwenye upana, maana naona mita 6 imetajwa kama Qur'ani. Wazee wanakumbusha hadithi ya kwamba watu wakikhitalifiana juu ya njia iwe dhiraa saba. Kwa dhiraa ya sentimita 46 ni kama mita 3.2. Gari moja inapita, mbili hazipishani. Haya.

#9 UkhtiHati

Hadithi hiyo inamaliza ugomvi, fundi, na ni hoja nzuri sana kwa jirani aliyekataa kabisa kutoa. Mwenye kutoa hata futi hataki, anaanzia dhiraa saba. Lakini usiifanye kuwa ukomo.

#10 Fundi_Shakani

Nakubali. Hesabu yangu ni hii, kwa kuangalia kinachopita. Gari ndogo inataka mita 2.5 ya uwazi. Boza la maji, gari la kunyonya mashimo na gari la zimamoto zinataka mita 3.7 hadi 4 bila tawi wala nguzo ndani yake. Mtaro wa upande mmoja unakula sentimita 60, nguzo za umeme na bomba mita 1 upande wa pili. Ndiyo mita 6 ilikotoka. Ukipata mita 4 tupu, chukua, lakini mwambie mwenye umeme mapema kwamba nguzo zitakaa ndani ya kiwanja chako, si njiani.

Kinachosahauliwa ni kona. Njia ya mita 4 yenye kona ya mraba baina ya kuta mbili, fuso haigeuki, hata dereva awe nani. Ombeni kona ya ndani ikatwe pembe, mita 5 kwa 5. Pale njia inapotokea barabara kuu, kateni mita 3 kwa 3 kila upande ili dereva aone anayekuja. Vipande hivyo vya pembetatu ni vidogo (huu wa 5 kwa 5 ni mita za mraba 12.5 tu), lakini visipokuwemo kwenye ramani siku ya kwanza, jirani ataweka nguzo ya ukuta hapo hapo kwenye ncha.

#11 Mkulima_wa_Mwani

Fundi, na kifusi? Tuambie hesabu ya njia ya mita 85 kwa upana wa 4. Udongo mwekundu.

#12 Fundi_Shakani

Kinongo kinabeba vizuri kikiwa kikavu, shida ni masika. Toa majani, mizizi na udongo wa juu sentimita 15, usiifukie mizizi kwa sababu ikioza njia inazama vijishimo. Kifusi kilichoshindiliwa sentimita 20 ni 85 × 4 × 0.20, yaani mita za ujazo 68. Kikiwa kimemwagwa bado hakijashindiliwa ongeza asilimia 30, inafika 88. Kwa fuso ya mita za ujazo 7 ni safari 13. Mwenye fuso akikwambia 20, mwambie akupimie ndani ya bodi.

Kimwagwe kwa matabaka mawili ya sentimita 10, kila tabaka linyunyiziwe maji likandamizwe kwa rola. Ukimwaga yote mara moja ukategemea matairi ya magari yakushindilie, yanashindilia mistari miwili tu, na katikati na pembeni panabaki laini, mvua ya kwanza unapata mifereji miwili. Katikati paachwe juu zaidi ya kingo kwa sentimita 8 hadi 10, maji yamwagike pembeni. Njia bapa ni birika.

Kifusi chenyewe kiulize kilikotoka. Uchimbaji na usafirishaji wa kifusi na mchanga una vibali vyake, na anayekamatwa na mzigo wa shimo la wizi si dereva peke yake.

Kwenye maweni, kama sehemu kubwa ya Fumba, hesabu ni nyengine. Jiwe lenyewe ni msingi. Jaza mashimo kwa mawe, funika kwa sentimita 10 ya kifusi laini, basi. Ila gonga kwa mtarimbo kila hatua mbili. Mlio ukiwa mtupu kama ngoma, chini kuna pango, usipitishe boza hapo mpaka pajazwe. Na kwenye kinamo (udongo wa kunata) cha mabonde ya mpunga, usimwage kifusi juu yake kabisa. Chimba sentimita 30, panga mawe makubwa, kokoto juu yake, ndipo kifusi. Kinamo kikilowa kinameza.

#13 KarafuuKavu_Wete

Huku kwetu mlima na bonde, tatizo ni maji kukata njia. Penye mteremko mkali mtaro uwe upande wa juu wa njia, na kila inapobidi maji yavuke, weka kalvati ya kipenyo cha sentimita 60. Watu wanaweka bomba la sentimita 30 kwa kuona mvua ya leo. Linazibwa na makuti na majani ya mikarafuu katika msimu mmoja, maji yanapanda juu ya njia yanaondoka nayo. Juu ya kalvati kuwe na udongo usiopungua sentimita 30, la sivyo lori linaipasua. Na maji yako usiyaelekeze kwenye konde la mwenye kukupa njia. Hapo utakuwa umempa sababu.

#14 Fundi_Shakani

Na kabla ya kifusi, laza mabomba matupu ya plastiki ya inchi 4 yakivuka njia, kina cha sentimita 70, ncha zimezibwa na zimewekewa alama. Siku ya maji au umeme huji kuichimba njia uliyoishindilia.

#15 Kombeni_Juu

Haya yote ni kwa jirani anayekubali. Mradi umeshajenga ukuta, mlinzi getini anasema njia imefungwa. Hapo?

#16 UkhtiHati

Kwanza, msivunje ukuta. Tofali moja likianguka nyinyi mnageuka washitakiwa na suali la njia linawekwa kando.

Barua ya kwanza iende kwa uongozi wa mradi, kwa heshima, na viambatanisho: ramani, picha ya droni, orodha ya wanaopita, maelezo ya sheha kwamba ujia unajulikana. Nakala kwa idara ya mipango miji na kwa Mkuu wa Wilaya. Wakati huo huo tafuteni cheti cha mazingira cha mradi, ZEMA (mamlaka ya mazingira). Tathmini ya mradi mkubwa husikiliza watu wa jirani, na mara nyengine katika ripoti mradi wenyewe umeandika kwamba njia za wenyeji zitabaki. Mkiukuta mstari huo, nusu ya kazi imekwisha. Kama mradi bado uko kwenye tathmini, hapo ndipo pa kusema, na kwa maandishi. Aliyenyamaza kikaoni akalalamika baada ya ukuta analala na njaa.

Msiombe "ufunguliwe ukuta". Ombeni njia mbadala, yenye upana huo huo, iliyochorwa. Mradi unaweza kuwa na sababu zake za kuuhamisha ujia, na ukihamishwa ubavuni kwa mita 40 hakuna aliyekufa. Kinachokataliwa ni "mtapita getini kwa kujiandikisha". Mlinzi akibadilishwa, makubaliano yamebadilishwa.

Na hili lisikilizwe vizuri. Mradi uliokodishwa ardhi na Serikali hauwezi kukupa zaidi ya kile ambacho mradi wenyewe unacho. Akisaini mwekezaji peke yake, haki yako inakufa siku ukodishwaji wake unapokwisha au kufutwa. Mwenye kukodisha, yaani Serikali kupitia wizara inayohusika na ardhi, asaini pia, au bora zaidi ukanda utolewe nje ya eneo la mradi uwe barabara ya umma. Uking'ang'ania kitu kimoja tu kwenye mazungumzo, king'ang'anie hicho.

Yakishindikana ni Mahakama ya Ardhi, iliyoanzishwa kwa Sheria namba 7 ya 1994. Ombi la zuio la muda lifunguliwe pamoja na kesi, kabla hawajamwaga zege. Hakimu ni mwepesi zaidi kusimamisha msingi kuliko kuamuru nyumba ya ghorofa nne ishuke.

#17 Mkulima_wa_Mwani

Na njia za pwani? Hatuna kiwanja nyuma ya ukuta, tuna mwani baharini na madau.

#18 Mpima_Kusini

Hiyo si njia ya kiwanja kwa kiwanja, ni njia ya kijiji. Asiidai mtu mmoja, idaiwe na shehia nzima, kupitia sheha na wilaya, iingie kwenye mpango kama mapito ya umma. Pimeni na mahali pa kuanikia mwani na pa kushushia dau, si mstari wa miguu tu. Njia ya mita 1.5 inafika pwani, lakini mwanamke mwenye gunia la mwani mbichi kichwani akikutana na mwenzake hapo, mmoja anarudi nyuma.

#19 Kombeni_Juu

Suali la mwisho. Jirani amekubali, anataka pesa leo na greda liingie kesho, karatasi baadaye.

#20 Mpima_Kusini

Sheikh, usiingize greda. Mpima akija leo anataka saa chache tu kuweka bikoni. Piga picha kila bikoni na kitu kisichohama nyuma yake, pima masafa kutoka bikoni hadi mnazi au kona ya nyumba, andika kwenye karatasi hiyo hiyo mtakayosaini. Bikoni huwa zinang'oka usiku. Ukiwa na masafa mawili kutoka vitu viwili, asubuhi tunairudisha pale pale.

Pesa mpe theluthi ya kushika neno, iliyobaki siku ya saini za wote. Na greda likija, lianzie kwenye bikoni ya barabarani lije kwako, lisianzie shambani. Likianzia shambani dereva hufuata palipo rahisi, na ukifika barabarani uko mita 3 ndani ya uwanja wa mtu mwengine kabisa.